Mkeka wa Mgeni

Zulia halimkaribishi mtu. Limelala sakafuni tangu jana na juzi. Lilikuwapo kabla hujabisha hodi, na litakuwapo ukishaaga. Mkeka ni habari nyingine. Mkeka hutolewa ulikohifadhiwa, hukunjuliwa mbele ya macho yako, hupigwa makofi mawili matatu kuondoa vumbi ambalo pengine hata halimo, kisha mwenyeji huunyoosha pembe, husogea kando na kusema, "Karibu, kaa hapa." Kabla ya maji ya kunywa, kabla salamu hazijakwisha, jambo moja limeshafanyika kwa ajili ya mgeni, naye ameliona likifanyika.

Nasema haya kwa sababu ya nyumba ninazoziona siku hizi njiani kutoka Masasi kwenda Newala. Ni nyumba nzuri, wala sizionei wivu: bati la rangi, madirisha ya vioo, sakafu ya vigae. Korosho ikipata bei mnadani, fedha hushuka vijijini, na baada ya bati na kochi kinachofuata ni zulia. Lenyewe ni la manyoya, limetoka Kariakoo likiwa limeviringishwa ndani ya nailoni, na mara nyingi ni kubwa kuliko chumba, hivyo ukingo wake mmoja umekunjwa chini ya kabati la televisheni. Mtoto haruhusiwi kulikanyaga. Mgeni huvua viatu mlangoni, hulivuka kwa tahadhari, hukaa juu ya kochi na kulitazama.

Lulindi iko chini ya uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Masasi. Ukiendelea na safari unapanda mlima na kutokea Newala, kwenye upepo. Hapo Lulindi yupo bibi mmoja ambaye bado anasuka mikeka ya ukindu. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa hakuniomba nimwandike. Nilimkuta barazani kwake, miguu ameinyoosha, ukili, yaani utepe mrefu wa ukindu uliosukwa, umemlalia mapajani na kushuka mpaka chini, ambako ulikuwa umeshajiviringa fungu zima. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, pita." Na mikono haikusimama. Aliniuliza habari za nyumbani, akauliza mvua za kwetu, akamfokea kuku aliyekuwa ananyemelea unga, na muda wote huo vidole vilikuwa kazini: huu chini, huu juu, chomeka mwingine pale wa zamani unapokaribia kwisha, bana, endelea. Ungedhani vidole vile ni vya mtu mwingine aliyeketi kimya nyuma yake.

Msomaji wangu anajua ukindu unavyovunwa ungali mchanga, unavyoanikwa, unavyochanwa na kutiwa rangi, kwa hiyo sitaanzia huko. Nataka kusimulia jambo moja ambalo wanunuzi wa sokoni hawalioni. Ukili ukishatosha, hauwekwi vipande vipande ubavu kwa ubavu kama wengi wanavyodhani. Ni mmoja, mrefu, na huo huo mmoja huzungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka kinasimama kitu kama gunia lisilo na kitako. Siku zote hizo fundi anashona duara. Mkeka bado haupo. Halafu inafika siku ya kuchukua kisu na kulikata duara lile kutoka juu mpaka chini.

Mkato huo niliushuhudia. Bibi aliagiza kisu cha jikoni, akakinoa kwenye jiwe la ngazi, akakijaribu kwa kidole gumba, akakinoa tena. Mazungumzo yakakatika. Hakuna aliyemwambia mtu anyamaze, lakini hata mjukuu wake aliyekuwa akitwanga aliuacha mchi ukae. Kazi ya kipupwe chote ilikuwa imesimama mbele ya bibi huyu, naye alikuwa anaitia kisu. Mkato ukienda upande, mkeka unakuwa na ubavu mfupi ambao hautarekebishika. Ncha zikiachwa wazi, msuko unaanza kufumuka saa ile ile. Kwa hiyo alikata kidogo, akazirudisha ncha ndani ya msuko, akazibana, akatia uzi, akakata tena kidogo. Hakuwa na haraka, wala hakuwa na mbwembwe. Jasho lilimtoka puani, jambo ambalo sikuliona hata mara moja alipokuwa akisuka. Alipofika chini aliushika kwa mikono miwili, akaurusha kidogo hewani, nao ukatua ukiwa bapa, mpana, unanukia majani makavu. Mimi nikabaki nimesimama. "Kaa basi," akaniambia, "au unasubiri kochi?"

Kwa sababu ya mzunguko ule, mistari ya mkeka ulioshonwa namna hii haiendi sambamba na ukingo. Ufuate mstari wa zambarau kuanzia ubavu mmoja, utaona umefika ubavu wa pili ukiwa umeshuka kwa upana wa ukili mmoja. Ni mteremko mdogo, hauonekani na asiyeutafuta. Mikeka ya plastiki inayouzwa kwa mafungu stendi imenyooka kwa rula kutoka ncha hadi ncha, na ina maua ambayo hayajawahi kuota popote katika mkoa wa Mtwara.

Kuchagua mkeka kuna adabu yake. Mjuzi haanzi na rangi. Anaugeuza kwanza atazame upande wa chini, kwa sababu fundi mvivu huficha vinundu na ncha zake huko. Mkeka wa fundi hasa unaweza kulaliwa upande wowote. Kisha anauinua kuuelekeza kwenye jua. Nuru ikipenya kwenye mishono, uzi ulivutwa kwa mkono uliochoka. Kisha anakunja pembe moja na kuiachia: ukindu uliovunwa wakati wake na kuanikwa vizuri hujinyoosha polepole, ule uliokomaa kupita kiasi hubaki na alama, na baadaye huvunjika mahali pale pale. Baada ya yote hayo ndipo anaporuhusiwa kusema anapenda kijani au anapenda nyekundu. Nimeona watu wenye magari mazuri wakinunua mkeka kwa kunyoosha kidole kupitia dirishani, kama wanavyonunua ndizi. Wakifika Dar es Salaam wanaupigilia misumari ukutani. Sina ugomvi na urembo, lakini mkeka uliopigiliwa ukutani haujapata nyumba, umepata gereza.

Nilikulia katika nyumba ambayo mikeka ilikuwa na vyeo. Cha chini kabisa kilikuwa jamvi la miyaa, gumu, la kazi za nje: ndilo lililoanika makopa na mtama, na msimu ulipofika ndilo lililoanika korosho kabla ya kupelekwa ghalani. Halikuingia ndani, hata mvua inyeshe. Baada yake ulifuata mkeka wa kulia chakula, ambao ulikuwa na madoa ya mchuzi yasiyotoka na haukuonewa haya. Mikeka ya kulalia ilikunjwa kila alfajiri, uso ndani, na kusimamishwa pembeni, maana sakafu ya udongo hutoa unyevu usiku na mchwa hawalali. Mkeka ulioachwa chini mchana kutwa ulikuwa ushahidi kwamba nyumbani humo kuna mgonjwa au kuna mvivu, na majirani walikuja kuhakikisha ni yupi kati ya hao wawili.

Cheo cha juu kilikuwa mkeka wa mgeni. Huo ulikaa juu ya boriti, umefungwa kwa kanga iliyopauka, karibu kidogo na upande wa jikoni ili moshi uufikie na wadudu wasiufikie. Ulikuwa mweupe, haukuwa na rangi hata moja, na kwa miaka mingi niliamini ni kwa sababu bibi yangu hakuwa na fedha ya rangi za dukani. Nilipokua nilielewa. Chumba cha mbele kilikuwa na dirisha moja dogo. Mkeka wa rangi ungelala humo gizani bila faida. Mweupe uliipokea nuru ile kidogo na kuirudisha usoni mwa mgeni, hata akaonekana vizuri kuliko wenyeji wake. Mikeka ya rangi bibi aliiweka barazani, ambako jua lipo la kutosha. Hakuna aliyemfundisha mambo hayo darasani.

Na namna ya kuutandika ilikuwa hivi. Mgeni hakukalishwa mgongo mlangoni, kwa hiyo mkeka ulivutwa mpaka ukutani, ukamwachia ukuta wa kuegemea na mlango wa kutazama. Kati ya mkeka na kizingiti iliachwa nafasi ya udongo mtupu, hatua moja na nusu, ya kuvulia viatu na ya mtoto kupiga goti anapoleta maji. Mkeka haukugusa kuta mbili kwa pamoja; bibi alisema chumba lazima kipumue. Wageni wawili walikaa mkeka mmoja, na ilikuwa makosa kuwatandikia wawili kana kwamba wamegombana. Mgeni akiaga, asiukunje. Wewe nawe usiukunje angali anaonekana njiani, kwa kuwa hiyo ni kumfukuza. Bibi alisimama uani mpaka kichwa cha mgeni kipotee nyuma ya mikorosho, ndipo aliporudi ndani, akaukung'uta, akaufunga kanga yake na kuurudisha juu.

Nchi hii imepokea wageni wengi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika Masasi kwa miguu na watu walioachwa huru kutoka utumwani, wakitokea Zanzibar; nia ilikuwa kuwapeleka hadi Ziwa Nyasa, lakini waliona Masasi panatosha, wakakaa. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijasahaulika, alikuja Mjerumani Karl Weule, akapita Masasi, akapanda Newala, akaulalamikia sana upepo wake, akaandika aliyoyaona na kukusanya vyombo vya watu ambavyo vilisafirishwa hadi makumbusho ya Leipzig. Mwaka 1935 akaja daktari kijana Mwingereza, Leader Stirling, akafanya kazi hapa Lulindi kwa miaka mingi, na baadaye sana Mwalimu Nyerere akamfanya Waziri wa Afya. Hao ndio walioandikwa vitabuni. Waliowatandikia hawakuandikwa. Hata leo, ukitaka kujua nani anauguza katika hospitali yoyote ya mikoa hii, usimuulize muuguzi. Tazama nani anaingia getini na mkeka ulioviringishwa kwapani.

Wenzetu wa Uajemi walisuka mazulia ambayo hakuna mtu mwenye akili atakayeyabeza. Lipo moja London, kwenye makumbusho ya Victoria and Albert, linaloitwa zulia la Ardabil, nalo limesukwa tarehe yake humo humo: mwaka 946 wa Hijria, yaani 1539 au 1540. Yalikuwa mawili. Wafanyabiashara wa karne ya 19 walikata vipande vya moja ili kuliziba viraka la pili, na hilo lililokamilika wakaliuza. Leo limefunikwa kwa kioo, na taa huwashwa kwa dakika chache tu, kisha huzimwa ili rangi zisififie. Nalistahi zulia hilo, lakini silionei wivu. Mkeka wa ukindu ukikaliwa kila siku huisha baada ya miaka michache, na mtu aliyeusuka anajua hivyo tangu anaposuka utepe wa kwanza. Anaweka jicho na uti wa mgongo wake katika kitu ambacho kitachakaa chini ya makalio ya watu, na bado anarudi kufumua mshono mmoja uliokaa vibaya. Makumbusho hayana namna ya kuonyesha hilo.

Niwe mkweli pia. Newala mwezi wa Juni na Julai baridi yake si ya utani, na anayetandika kitu kizito chini ya miguu ya watoto wake simlaumu. Plastiki nayo inafuliwa kwa sabuni na kukauka kabla chai haijachemka, na mama aliyekuwa akifuata maji mbali, huko juu ambako maji yamekuwa shida tangu enzi za mababu, ana haki ya kupenda kitu kisichomsumbua. Ninachokilaumu ni uzembe wa kudhani kwamba sakafu ikishafunikwa kazi imekwisha. Mtu anatandika mara moja, mwaka anapohamia, na kuanzia hapo hatandiki tena. Wageni kumi, mia, wote wanakuta kitu kile kile. Mtoto anayelelewa humo hajawahi kutumwa, "Kimbia, kashushe mkeka," na kwa hiyo hajawahi kujifunza kuwa mtu akija kuna jambo la kuharakia.

Misibani ndiko pengo linakoonekana zaidi. Zamani msiba ulipotokea, kila nyumba ya jirani ilileta jamvi au mkeka wake, na kufikia jioni uani kulikuwa na rangi za kijiji kizima. Ungeweza kusema huu wa kwa fulani, ule wa kwa fulani. Wanawake ndani, wanaume nje, wote chini. Mwenye gari na mwenye jembe magoti yao yalikuwa kimo kimoja. Sasa tunakodi viti vya plastiki na turubai. Viti havitoshi kamwe, kwa hiyo lazima achaguliwe wa kukalia kiti na wa kusimama, na wanaochaguliwa tunawajua. Baada ya siku tatu gari la mwenye viti linakuja, anavihesabu, kimoja kimevunjika, linaanza zogo la nani alipe. Katika zogo kama hilo nilimsikia mzee mmoja akisema kwa sauti ya chini kwamba jamvi halivunjiki mguu.

Unyago nao. Mwali alitoka ndani na kukalishwa juu ya mkeka mpya, uliosukwa kwa ajili yake, na mkeka huo ulimfuata alipoolewa. Mwaka juzi nilialikwa kwenye sherehe ya namna hiyo. Kulikuwa na muziki wa spika kubwa, keki, mpiga picha wa video, na mwali alikaa juu ya zulia jekundu la kukodi ambalo kesho yake lilikuwa na sherehe nyingine. Alipendeza sana. Sikuona alichoondoka nacho.

Turudi kwenye ukindu wenyewe. Mkindu ni mti wa penye maji. Juu uwandani kwenye mchanga hauna makazi, hivyo tangu zamani wasukaji wa huku wametegemea mabonde. Mabonde hayo sasa yanalimwa mboga na mpunga, na mikindu inafyekwa kwa sababu inaweka kivuli. Iliyobaki inakatwa na watu wenye haraka, wanaochukua makinda yote ya mti mmoja kwa mkupuo na kuuacha bila moyo. Bibi wa Lulindi alinieleza kwamba mama yake alimfundisha kuchukua kinda moja katika shina, kusalimia na kwenda shina lingine. Siku hizi anamtuma kijana, na kijana analeta furushi ambalo nusu yake ni la kutupwa.

Nilimuuliza nani atasuka baada yake. Alimwonyesha kwa kidevu yule mjukuu mwenye mchi. Binti akacheka, akasema yeye anasubiri matokeo ya kidato cha nne. Bibi hakuchukia; alisema asome, kusoma ni vizuri, ila vidole visivyoanza mapema baadaye vinakuwa vizito. Kuna nyumba moja ya ibada, alisema, iliyokuwa imemwagiza mikeka ya kutosha sakafu yake yote, naye akasuka nusu. Kisha akaja mfadhili na zulia la kiwandani. Ile nusu bado anayo chumbani, ameifunga vizuri, na nilipoiona nilitamani kuwaita walioiagiza waje waitazame kwa taa.

Mafundi bado wapo, na wanunuzi ndio waliopungua. Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wewe unayepita barabara hii kwenda Newala kutazama Shimo la Mungu na kurudi, simamisha gari Lulindi, shuka, usinyooshe kidole dirishani. Uliza nani anasuka. Ugeuze mkeka utazame chini yake, uuinue kwenye jua, lipa bei utakayotajiwa bila kumtajia bei ya plastiki. Na ukifika nyumbani usiutandike. Uviringishe, uuweke juu, usubiri mtu aje.